Tansy Afungua Kinywa

Tansy nilimlea mimi. Mama yake alifia uzazini, nikamnyonyesha kwa chupa jikoni kwangu, naye akanitafunia viatu pea nne. Kwa hiyo mzee Tackett, msimamizi wa mbwa wetu wa kuwinda mbweha, aliponiambia Jumatatu kuwa atampeleka kwa watu wa Georgia, nilimjibu vibaya.

"Verna, usinipandishie sauti," akasema. "Misimu miwili hajabweka hata mara moja. Mbwa akinusa mbweha akanyamaza, sisi tutajuaje? Nampa mpaka Sikukuu ya Shukrani. Basi."

Sikukuu ikafika. Kentucky nzima ilinukia bata mzinga, na watu walijaa mbele ya kanisa kwa baraka ya mawindo ya kila mwaka, nusu yao wamefuata tu wiski inayogawiwa hapo. Tackett alikuwa juu ya farasi, mbwa wamemzunguka. Mimi nilisimama kando ya ngazi za kanisa, na Tansy, kama kawaida yake, akawatoroka wenzake akanifuata.

Kasisi Prewitt akawaombea farasi, mbwa na wapandaji wasivunjike shingo. Akamwombea na mbweha pia, kama kila mwaka. Kisha akasema, "Tunyamaze kidogo, kila mtu ashukuru kimoyomoyo."

Shukrani sikuwa nazo. Niliomba: Mungu, mfungue kinywa mtoto huyu.

Akafungua! Katikati ya ule ukimya, pua kaibana kwenye ufa chini ya ngazi, akatoa sauti nene, ndefu, mpaka vikombe vya wiski vikatikisika. Wenzake wote wakamwitikia. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika ukosi nimvute.

"Mwache!" Tackett akafoka. Akashuka farasini, na kwa magoti yale si kazi ndogo, akainama kuchungulia ufani. Akainuka taratibu. "Kasisi, chini ya ngazi zako kuna mbweha."

Kasisi akawa mwekundu. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu masika. Huja asubuhi. Nampa mayai."

"Ala! Unamlisha, halafu unatubariki tukamkimbize?"

"Na yeye nimemwombea, mmenisikia wenyewe."

Hata Tackett akacheka. Mbweha akishaingia shimoni sisi humwacha, sembuse shimo la kanisa. Akapanda tena farasi, akapuliza baragumu kuwaita mbwa, kisha akanigeukia.

"Hao wa Georgia watatafuta mbwa mwingine. Huyu haendi popote."

Nililia mbele za watu wote, na sijutii.

Tulizunguka mashamba mpaka saa tisa alasiri bila kuona hata mkia, na Tansy hakubweka tena. Abweke kwa lipi? Mbweha alikuwa kanisani, anakula mayai.