Macho ya Sahan

Kwetu hapa Isiolo tuko na neno moja, sahan. Ukiuliza watu wa mjini watakwambia ni mjumbe, lakini mjumbe siku hizi ni yule wa kukaa kwa mkutano akinywa soda. Tarishi alikuwa wa chifu, na baiskeli yake. Mtume ni wa Mungu, huyo hatumlinganishi na mtu. Sahan ni yule anatangulia ng'ombe. Anaenda siku mbili tatu, anaangalia nyasi, maji, kupe, na kama kuna adui, halafu anarudi kusema. Na akirudi hatoi habari njiani, hata kwa mke wake, mpaka akae mbele ya wale walimtuma. Macho alienda nayo si yake, ni ya wale walimtuma.

Sasa mzee Yattani alikuwa sahan tangu ndevu zikiwa nyeusi. Mwaka ule wa kiangazi, wazee wa malisho wakamtuma ng'ambo ya Gotu. Mohamud, mkubwa wao, akamtania, "Si vijana watume picha kwa simu, wewe upumzishe magoti?"

"Picha ya nyasi haisemi ni ya mwaka gani," Yattani akasema, akachukua fimbo.

Akapata nyasi. Bonde moja tu, mvua ya kupotea ilikuwa imepita hapo, nyasi inafika goti. Lakini badala ya kufurahi, moyo ukamwuma. Ng'ombe za watu wote zikiingia, siku kumi itakuwa imekwisha. Na binti yake Sabdio, mjane, alikuwa amebakisha ng'ombe saba, na hizo saba ndizo maziwa, ndizo karo, ndizo kila kitu.

Njia ya kurudi inapita kwa Sabdio. Angeweza kuzunguka. Lakini jua lilikuwa kali, na mtu ni mtu, akaingia.

"Salaam aleikum, Aba."

"Aleikum salaam, mama."

Akampa maji. Hakuuliza habari, binti ya sahan anajua. Akainama kumvua viatu, na hapo mkono ukasimama. Kikoi cha mzee kilikuwa kimejaa mbegu za nyasi, zile za kunasa, bado kijani. Akatoa moja, akaisugua kwa vidole, akanusa.

"Aba, mimi sijasikia kitu kwa mdomo yako," akasema polepole. "Nikitoa ng'ombe zangu leo, zifuate njia umetoka nayo, zitangulie siku tatu tu, nani atanilaumu?"

Yattani akaangalia zizi. Mbavu za ng'ombe ungehesabu ukiwa mbali. Akatamani awe baba tu, hata kwa lisaa limoja. Akachukua fimbo, akaenda.

Jioni wazee wakakaa. Akasema yote: bonde, urefu wa nyasi, maji iko mbali namna gani. Halafu akasema, "Kuna moja imebaki. Nilipita kwa binti yangu na hii kikoi. Amejua kabla yenu. Kosa ni yangu."

Mohamud akakuna kichwa. "Sheria unaijua kutushinda."

"Naijua. Nyumba ya sahan ikijua mbele ya wengine, ng'ombe zake zinaingia mwisho."

"Yattani, ni mbegu tu. Tunaweza kusahau."

"Leo mbegu. Kesho watasema sahan anapendelea watoto wake. Mwaka ujao nikisema nyasi iko, nani atahama?"

Wote walijua kuingia mwisho ni kukuta mavi na vumbi.

Asubuhi akarudi kwa Sabdio. "Zako zitaingia mwisho, baada ya watu wote."

"Wazee ndio wamekutuma?"

"Hapana. Walitaka kusahau. Mimi ndio nilikataa."

Macho ya Sabdio ikajaa machozi lakini haikushuka. Nyuma yake ng'ombe moja ilikuwa imeshindwa kusimama tangu alfajiri. Akaenda, akashika pembe.

"Basi njoo ushike mkia, Aba," akasema.

Mzee akaweka fimbo chini, wakaanza kuiinua.