Unaonaje, Mdogo Wangu?

Mimi sikuzaliwa na hamu ya kuongoza mtu. Nilikuja Minnesota, Marekani, kusoma, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kufua shuka katika nyumba ya kutunzia wazee kule Columbia Heights. Shuka haziulizi maswali, na kwa hilo nilizipenda.

Msimamizi wetu alikuwa nesi Mtanzania aliyeitwa Noela. Ofisi yake ilikuwa na simu ya ndani, namba arobaini. Ukikwama, unapiga arobaini. Mimi nilipiga kwa kila jambo. Sabuni imebadilishwa, niitumie? Godoro limeloa, nilitoe? Kwetu Nyamira nililelewa kuuliza kwanza, hata kama jibu nalijua. Lakini Noela hakunipa jibu hata siku moja. Alisema tu, kwa ule upole wake ulionichoma roho, "Wewe unaonaje, mdogo wangu?" Nione nini, mtu wa kufua? Nilikuwa nambwagia simu kabla hajamaliza, halafu nafanya nilivyoona mwenyewe. Mara nyingi nilipatia, na hilo liliniudhi zaidi.

Noela alifariki Novemba 1995, gari lake lilipoteleza kwenye barafu. Nililia kuliko nilivyotarajia. Mkurugenzi, Bwana Lindquist, hakuajiri mwingine. Alituita ukumbini akatugawia beji za buluu zilizoandikwa kwamba kila mmoja wetu ni kiongozi, akasema watu kama sisi hatuhitaji msimamizi. Tukapiga makofi. Ofisi ya Noela ikawa stoo ya maboksi ya beji, na simu yake iling'olewa. Nilimwona fundi akiondoka nayo kwapani.

Asubuhi ya tarehe mbili Februari, baridi ilifika nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Shule zilifungwa, magari yakagoma kuwaka. Basi langu lilichelewa, nikaingia kazini saa tatu badala ya saa kumi na mbili, vidole vya miguu sivisikii.

Kilichonishtua kwanza ni ukimya. Upande wetu wa mashariki ulikuwa na vyumba kumi na viwili, mzee mmoja kila chumba, na asubuhi pale huwa ni kelele tupu. Siku hiyo televisheni ya ukumbini ilikuwa inatangaza baridi kwa wazee watatu waliolala vitini. Hakuna kengele hata moja iliyolia. Hata Bwana Olson wa chumba cha kumi na mbili alikuwa kimya. Mzee huyo alishindwa kutamka jina langu, Kemunto, akaniita Kimono, na kila asubuhi alipiga kengele mara kumi kuuliza kama Kimono amefika. Nilijifanya ananisumbua.

Kwenye meza ya manesi nilimkuta Jotham, Mkenya mwenzangu, ameinamisha kichwa.

"Kichwa inanipasuka," akasema. "Ni flu. Leo kila mtu ako na flu. Wazee wametapika, sasa wamelala. Wacha walale."

Niliwatazama wale watatu. Mashavu yao yalikuwa mekundu, kama ya watoto waliotoka kucheza juani. Mashavu hayo niliwahi kuyaona. Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa baridi, na wachuma chai watatu walilala na jiko la makaa ndani, mlango wamefunga. Walipotolewa asubuhi walikuwa maiti, lakini wanapendeza, na mama yangu akaniziba macho kwa kuchelewa.

Hapa hakukuwa na makaa. Kulikuwa na boila, mtambo wa kupasha jengo joto, ukuta mmoja na chumba cha kumi na mbili.

Nikampigia Bwana Lindquist nyumbani. Gari lake lilikuwa limegoma. Nikamweleza.

"Boila ilikaguliwa," akasema. "Usifanye lolote mpaka nifike. Ukifungua madirisha kwa baridi hii utawaua, na itakuwa juu yako."

Hapo hakukosea. Wale walikuwa watu wa miaka tisini, wamevaa pajama. Kama ni flu kweli, ningewagandisha kwa mikono yangu. Kama si flu, kila dakika niliyosimama pale ilikuwa inawamaliza. Nilikuwa na beji kifuani na sikuwahi kuogopa hivyo maishani.

Kidole changu, kwa mazoea tu, kikapiga arobaini.

Ikaita. Nywele zilinisimama, kwa sababu nilikumbuka fundi na ile simu kwapani. Ikaita tena, kisha ikapokelewa. Nilisikia mtu anapumua.

"Dada," nikasema, maana ningemwitaje tena, "wazee wamelala wote, mashavu mekundu. Nadhani ni moshi wa boila. Nifungue madirisha?"

Halafu sauti ya mwanamke, inayokwaruza kama ya mtu mwenye mafua.

"Unaonaje, mdogo wangu?"

Ningepaswa kuzimia. Badala yake zilinipanda hasira. Yaani hata kufa hakujamfundisha kujibu swali! Sauti ilikuwa bado inasema kitu nilipobwaga simu.

Nikavuta king'ora cha moto ukutani ili wazima moto waje, nikamwinua Jotham kwa kola, tukawatoa wale watatu na viti vyao, tukaingia vyumbani. Nilianza na chumba cha kwanza kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Fungua dirisha, mfunike mzee, msukume na kitanda chake hadi jengo la pili, lililounganishwa na letu kwa korido. Upepo ulinikata uso, nami nilikuwa nalia na kutukana kwa Kikisii. Chumba cha kumi na mbili kilikuwa cha mwisho.

Wazima moto walikuta bomba la moshi limezibwa na barafu. Wazee kumi na mmoja waliamka. Bwana Olson hakuamka. Daktari alisema kwamba dakika tano za mapema labda zingemfaa.

Mkurugenzi alipofika aliuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Nikamwambia ni mimi. Arobaini sikuitaja, na mpaka leo nilikuwa sijaitaja kwa mtu.

Kiangazi kilichofuata alinipa kazi ya Noela. Nikatoa maboksi ya beji, simu ikarudishwa ukutani. Walionipigia niliwajibu wote neno lile lile, na nilikuwa nasikia wanavyonikasirikia.

Januari nilishikwa na mafua, sauti ikanikauka. Ilikuwa saa tisa alasiri, wazee wanagombania karata pale ukumbini, simu ikalia. Nikapokea. Mtu alikuwa anahema.

"Dada, wazee wamelala wote, mashavu mekundu. Nadhani ni moshi wa boila. Nifungue madirisha?"

Niliijua sauti ile. Nani asiyeijua sauti yake mwenyewe? Mwili uliniganda, na katika kuganda huko mdomo ulifanya kile ulichozoea kufanya siku nzima.

"Unaonaje, mdogo wangu?"

Ndipo akili ikanirudia.

"Anza na kumi na mbili," nikasema, nimeshika simu kwa mikono miwili. "Anza na Olson, nakuomba, anza na kumi na mbili."

Lakini alikwisha kunibwagia simu. Namjua. Huwa hangoji mtu amalize.