Kamba Inayojua Kwao

Kila asubuhi, chai ikianza kuchemka, Mzee Uledi huvaa baraghashia yake, huchukua kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, akatoka kwenda kununua vitumbua vinne pale kona: viwili vyake, viwili vya binti yake Najma. Kwenda na kurudi hakufiki robo saa. Najma hubaki akipiga pasi shati la kazini, na akimaliza kola tu, husikia malapa ya baba mlangoni.

Jumanne ile alimaliza kola, akamaliza mikono, akamaliza shati zima. Malapa hayakusikika.

Alimpata saa saba mchana huko mtaa wa Gerezani, nje ya geti la reli, akimweleza mlinzi kwamba amechelewa zamu. Zamu yenyewe aliiaga miaka kumi na minne iliyopita, alipostaafu. Jina lake alilikumbuka, na la msimamizi wake wa zamani pia, ambaye sasa ni marehemu. Nyumbani kwake ndiko hakukukumbuka. Kibakuli alikuwa nacho mkononi, vitumbua vinne ndani, vimepoa, hajagusa hata kimoja.

Tangu siku hiyo Najma alilala sikio likiwa mlangoni, na mchana, mapokezi ya zahanati anakofanya kazi, aliwaandika wagonjwa huku macho yakimwuma.

Jumamosi alimwambia baba yake, "Kamba ya kitambulisho changu cha kazini imechakaa. Nisindikize Kariakoo nikanunue nyingine."

Huo ulikuwa uongo. Tangu Jumatano alikuwa akijiandaa kumwambia ukweli, lakini utamwambiaje mtu aliyekushika mkono kukufundisha kuvuka barabara?

Duka la mama Harsh ni jembamba kama korido. Mama huyo anauza kamba za vitambulisho na kuchapa kadi, na kwa miaka thelathini amekuwa akiwasahihishia wateja tahajia wapende wasipende.

"Shikamoo, mama Harsh."

"Marahaba, binti. Mzee Uledi! Umepotea sana."

Najma alishtuka. Baba yake akacheka tu. "Nipo, mama. Mjini hapa hapa."

Mama Harsh akamwaga sanduku zima juu ya kaunta: kulabu, klipu, pete za funguo, makava ya kadi. Najma alishika moja, akaacha, akashika nyingine. Uchovu ulimfanya aone zote sawa. Mzee Uledi ndiye aliyesogea, akavaa miwani.

"Hii hapana," alisema, akiweka pembeni kamba iliyoshonwa mzunguko mzima. "Hii ya kumfungia mbuzi. Mimi nimeongoza mabehewa miaka thelathini, firimbi shingoni. Kamba ya shingoni ikinaswa lazima iachie yenyewe. Behewa halina huruma."

"Ipo hiyo," mama Harsh alisema, akavuta moja yenye kifungo nyuma ya shingo. Kikaachia: ta! "Vuta, inaachia. Bonyeza, inarudi."

"Sawasawa. Na kava liwe gumu, lisiingie maji. Mvua ya Jangwani unaijua." Akaokota kidude cha duara chenye uzi ndani. Akauvuta uzi mpaka urefu wa mkono, akauachia. Ukajikunja wenyewe ndani. Akarudia, akitabasamu. "Tazama, Najma. Kina akili hiki. Hata ukikipeleka mbali vipi, kinajua kwao."

Najma aligeuza uso akajifanya anatazama barabarani, ambako wapagazi walikuwa wakigombana na mwenye mkokoteni.

"Na firimbi weka," mzee aliongeza.

"Mapokezi ya zahanati na firimbi wapi na wapi?" mama Harsh aliuliza. "Atawapulizia wagonjwa wapange foleni?"

"Weka," Najma alisema haraka. "Firimbi pia."

Mama Harsh akamsukumia kipande cha karatasi. "Na nyuma ya kadi ya kuweka humu nichape nini? Wengi wanaweka namba ya simu, kitambulisho kikipotea."

Najma aliandika akiwa amesimama, bila kufikiri, maneno aliyokuwa nayo kichwani siku nne. Akampa. Mama Harsh akainua karatasi kwenye mwanga, akasoma kwa sauti kama kawaida yake.

"'Ukimwona, tafadhali piga namba hii.'" Akatikisa kichwa. "Binti, hapa umekosea. Kitambulisho ni 'ukikiona'. 'Ukimwona' ni mtu."

"Na chuo chote kile!" Mzee Uledi aliangua kicheko. "Pesa yangu ya pensheni imeliwa na..."

Kicheko kikakatika katikati. Alichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata herufi. Mama Harsh alianza kurudisha kulabu sandukuni, moja moja, bila kelele.

"Najma."

"Abee, baba."

"Huyu wa 'ukimwona', ni nani?"

Najma alimtazama. Angeweza kusema ni kosa la kalamu, na baba yake, kwa kumpenda, angekubali. Wangerudi nyumbani, na kesho asubuhi angetoka tena na kibakuli.

"Ni wewe, baba," alisema. "Kamba ni yako. Naogopa utatoka siku moja nisikupate. Naomba uivae."