Waasi wa Ghala la Kahawa

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakidondoka bila haraka, na ukungu ulikuwa umeufunika mlima mpaka kwenye migomba ya Marangu. Elisifa, Mama Kindness kwa majirani, alipanda njia ya udongo pamoja na mwalimu wake, Calvin, akiomba kimoyomoyo. Mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Mchagga akiletewa jani hilo hana budi kusamehe, kwa hiyo alilibeba kama yai.

Kosa lake lilikuwa la silabi moja. Akiwa na miaka hamsini na saba, mwanafunzi wa masomo ya jioni, alikuwa amepewa kazi ya kuandika historia ya chuo kikuu chao cha Kikristo na kuisoma hadharani Jumamosi, Siku ya Waasisi. Aliandika miezi miwili, akifunga kila Ijumaa. Vijitabu mia tatu vikarudi kutoka kwa mpiga chapa na jalada zuri la bluu: "Waasi wa Chuo Chetu." Ndivyo alivyokuwa ameandika mwenyewe.

Mzee Ebenezeri, pekee aliyebaki hai kati ya waasisi wanne, alituma ujumbe kwamba haji. Chuo nacho kikaamua: mzee asiposamehe, historia haisomwi. Na Elisifa alikuwa ameshaalika kwaya nzima ya usharika.

Walipofika kwa mzee, Elisifa alimpa Calvin lile jani amshikie, ili yeye afute matope miguuni. Calvin, kwa adabu, akaliweka nyuma ya mgongo. Nyuma ya mgongo kulikuwa na banda la mbuzi.

"Shikamoo, baba," Elisifa alisema.

"Marahaba. Mmeleta nini?"

Calvin akatoa mkono. Kilichobaki ni kikonyo.

"Jani limeliwa, mzee," alisema kwa sauti ndogo.

"Na nani?"

"Na mbuzi wako."

"Basi mbuzi amewasamehe. Zungumzeni naye."

"Baba, ni 'si' moja tu niliyoisahau," Elisifa alisihi.

"Hiyo 'si' ndiyo iliyobeba heshima yangu. Miaka themanini na moja niko kanisani, leo naitwa muasi."

Mkewe, Mama Eunike, alitoka jikoni na mabakuli ya mtori wa ndizi. Alimpa kila mtu lake, la mumewe akabaki nalo mkononi.

"Baba Sifael," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "ile barua ya wakubwa wa kanisa ilisemaje?"

"Barua gani?"

"Ya mwaka tisini na sita, mlipotaka kuanza kufundisha kwenye ghala la kahawa."

"Ilisema tusubiri," mzee alijibu, akitazama bakuli.

"Mkasubiri?"

"Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wameshafika, Mama Sifael. Wengine na magodoro."

"Na barua mkaifanya nini?"

Mzee alikohoa. "Meza ya mwalimu ilikuwa inayumba. Tuliikunja tukaiweka chini ya mguu."

Calvin alipaliwa na mtori. Elisifa hakuwa ameona habari hiyo katika kumbukumbu zozote za chuo. Alifungua mkoba taratibu, akatoa daftari.

"Unaandika?" mzee aliuliza.

"Ukikataa naacha, baba."

Elisifa alifumba macho, akamkumbusha Mungu zile Ijumaa zote. Alipoyafumbua, mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Andika. Mguu ulikuwa wa kushoto. Na nusu mwaka baadaye wakubwa walikuja wenyewe, wakatubariki juu ya meza hiyo hiyo."

"Kwa hiyo Jumamosi?" Mama Eunike aliuliza, bakuli bado mkononi. "Sema kwa sauti. Mashahidi tupo."

Mzee Ebenezeri akasimama, akavua kofia.

"Mbele ya mke wangu na mwalimu huyu, naahidi: Jumamosi nitakuja, na mama huyu atasoma historia yake yote. Akifika kwenye barua nitasimama niseme ni kweli, hata askofu akiwa amekaa mstari wa mbele."