Swali Kutoka Kalemie

Kila hela ya Nkwabi ilipofika Mpanda, ilifika na swali.

Nkwabi alikuwa fundi wa mashine za boti huko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mama yake, Nyanzala, alibaki Misunkumilo, pale nyumba za mji zinapopungua na mashamba ya mahindi yanapoanza, akichunga ng'ombe wachache waliosalia katika kundi walilotoka nalo Usukumani zamani. Kalemie mafundi wanalipwa kwa dola. Lakini dola za Nkwabi hazikuvuka ziwa. Alimpa Eustace, mtu wa Ikola aliyehamia kule kwa biashara, naye Eustace akazinunulia vitenge. Vitenge vikapanda boti mpaka Ikola, vikapanda lori mpaka Mpanda, vikatundikwa sokoni kwenye kibanda cha Monika, dada yake Eustace. Monika akiuza, anampa Nyanzala shilingi zake.

"Hela ya mwanao ndiyo hii unayoiona inaning'inia," Monika alimwambia siku ya kwanza, akigusa kitenge chenye ndege wa njano. "Sasa subiri watu waje waivae."

Nyanzala hakuwa na simu, na Mpanda wanawake wenye jina lake si wachache. Nkwabi aliogopa hela isije ikaangukia mikono mingine. Ndiyo maana akampa Eustace swali la kumpigia Monika, na jibu lake, swali ambalo duniani kote angelijibu mama yake tu. Maswali yalihusu ng'ombe.

Walipohama Maswa na kushuka kusini, Nkwabi akiwa bado anashika mkia wa ndama ili asichoke, baba yake alikuwa na desturi ya kumpa ng'ombe jina la mahali alipozaliwa. Kwa hiyo kundi lao lilikuwa na Malampaka, Kaliua, Ugalla na Inyonga, na mtu akiwaita zizini jioni alikuwa kama anarudi nyumbani kinyumenyume, kituo kwa kituo. Baba alishafariki. Ng'ombe wale walishakufa au kuuzwa, wakabaki wajukuu wao wasio na habari ya safari.

Basi Monika angesema, "Mama, leo anauliza: aliyezaliwa mvua ya mawe inaanguka ni nani?"

Nyanzala hakujibu haraka, ingawa jibu lilikuwa mdomoni. Aliketi kwenye kigoda katikati ya vitenge vilivyokuwa vikipepea, akafumba macho, akaliacha kundi lipite. Lilipita polepole, miguu ikizama kwenye vumbi laini kama unga, pembe zikiwa nyeupe juu ya ukungu wa asubuhi, na mumewe akitembea pembeni, fimbo mabegani. Kelele za soko zilikuwa mbali, kama watu wanaoongea ndani ya maji. Alimwona ndama mwenye maji maji mgongoni, mawe ya barafu yakidunda karibu yake, na Nkwabi mdogo amemfunika kwa shati lake.

"Kaliua," alisema, akafumbua macho.

Monika akacheka kidogo, akampa hela. Alikuwa ameizoea ile subira. Hata wateja wengine walijifunza kunyamaza yule mama akifumba macho.

Mwaka huo, mvua za mwisho zikiwa zinakatika, swali lilikuja jingine.

"Anauliza, yule ng'ombe mweupe aliyezaa mapacha aliitwa nani?"

Nyanzala alifumba macho. Kundi likaja kama kawaida, likapita lote, mpaka ndama wa mwisho. Akalingoja lipite tena. Alipofumbua macho, Monika aliona uso wake umebadilika.

"Aliyezaa mapacha ni Inyonga," Nyanzala alisema taratibu.

"Ndiyo jibu alilonipa kaka. Inyonga." Monika akamwekea noti mkononi.

"Inyonga alikuwa mweusi."

"Labda kaka hakusikia vizuri, mama. Mtandao wa kule..."

"Mweusi tii. Nkwabi ndiye aliyemzalisha, baba yake akiwa na homa. Alilala na wale ndama wiki nzima tukidhani watakufa. Mtoto wangu anaweza kusahau sura yangu, lakini rangi ya Inyonga hawezi." Alirudisha noti kwenye meza, juu ya kitambaa. "Hii hela si yake. Niulizie mwanangu yuko wapi."

Monika alimpigia kaka yake. Eustace alijizungusha kwanza, akauliza bei za vitenge, akasifia mvua. Dada yake akamwacha aongee mpaka maneno yakamwishia.

"Nilikatazwa kusema," akakiri. "Ngoja, nitampa simu mwenyewe anayeileta hiyo hela."

Walisubiri mpaka jua likasogea kutoka upande mmoja wa kibanda kwenda mwingine. Simu ilipoita, sauti ya mwanamke ikatoka, changa, na nyuma yake kuku wakilia.

"Mama, jambo. Mimi ni bibi ya Nkwabi."

Nyanzala aliitazama simu. "Bibi yake alishafariki," akasema. "Alizikwa Maswa."

Monika akamnong'oneza, "Kule bibi ni mke, mama. Anasema ni mke wake."

Kitenge kimoja kilipepea kikamgusa Nyanzala shavuni, hakukiondoa.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Jeniffer."

"Jeniffer, mume wako yuko hai?"

"Iko hai, mama." Sauti ilianza kukatika, na si kwa sababu ya mtandao. Walikuwa wakipandisha mashine ya boti bandarini, mnyororo ukakatika, chuma kikampiga kichwani. Hospitali walimshona, na deni lao bado halijaisha. Miguu ilirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, lakini maneno hayakurudi. Alikuwa anatazama tu, anatabasamu, analala. Kabla ya ajali alikuwa amepanga kumleta Jeniffer kumjulisha kwa mama yake mavuno yakiisha. Sasa Jeniffer alishona nguo za watu, na kila mwezi alitoa sehemu akampelekea Eustace.

"Kwa nini hukunieleza?"

"Niliona haya. Mtu hawezi kuja kwa mama mkwe mara ya kwanza na habari kama hiyo. Na yeye alizoea kusema, mwezi usipite mama hajapata kitu. Ile habari ya ng'ombe alikuwa ananieleza jioni. Alisema ana weupe, akajigusa hapa, kwenye paji. Nikafikiri yote ilikuwa nyeupe, nikauliza hivyo."

"Alikuwa na alama nyeupe kwenye paji," Nyanzala alisema. "Ndogo. Kama kidole kilichochovywa kwenye maziwa." Halafu akasema, "Hukukosea sana."

Siku zilizofuata Nyanzala alifanya kazi zake kama mtu anayetembea usingizini. Alikamua, akapalilia, akachota maji, na kichwani mwake mlikuwa na kijana anayetabasamu bila maneno. Siku ya mnada alimtoa zizini mtamba wake mzuri kuliko wote, akamuuza bila kubishana sana. Kisha akaenda kwa Monika na hela zimefungwa kwenye ncha ya khanga.

"Unakwenda Kalemie lini?"

"Jumatatu nashuka Ikola, nafuata mzigo."

"Basi hizi zibadilishe ziwe za kule. Zilipe deni la hospitali, na nauli ya watu wawili. Waje."

"Naweza nikampigia Eustace akawapa kwa niaba yangu, halafu mimi na yeye tukamalizana kwa vitenge."

Nyanzala alitikisa kichwa. "Eustace ni mtu mzuri, lakini alijua akanyamaza. Safari hii ziende mkononi mwako."

Walikwenda benki pamoja, kwa kuwa Monika ndiye aliyekuwa na akaunti na leseni ya biashara. Mhudumu, kijana mwenye tai, aliuliza dola ni za nini, akaandika, akapitisha noti chini ya kioo. Monika hakuziweka kwenye mkoba. Aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa kingo zake kwa kidole kama anayekagua pindo la nguo. Moja aliirudisha.

"Hii ina mpasuko hapa kwenye kona."

"Dada, huo si mpasuko. Hauonekani hata."

"Kule utaonekana. Kalemie dola ikiwa na kidonda kidogo hivi wanakuambia irudishe kwenu. Naomba nyingine, kaka yangu, mwenye mgonjwa ni huyu mama."

Kijana alimtazama Nyanzala, akainuka, akaleta nyingine.

Nje, Nyanzala aliomba kuzishika. Zilikuwa chache na nyepesi, hazina harufu ya kitu chochote anachokijua. Alifikiria mtamba wake, ule mgongo mpana, ile pumzi ya moto aliyompulizia mkononi asubuhi ile mnadani, na sasa mnyama mzima alikuwa amelala ndani ya bahasha. Akampa Monika bahasha.

Alikwenda naye mpaka Ikola. Hakuwa na hati ya kuvukia, na hakutaka kurudi Mpanda kusubiri. Monika alimwacha nyumbani kwa mama yake mkubwa, Bernadetha, mjane mnene anayeanika dagaa ufukweni, kisha akapanda boti, ikaenda ikipungua mpaka ikawa alama ya kalamu, halafu ikafutika.

Nyanzala hakuwahi kukaa karibu na maji mengi hivyo. Kwao maji ni kitu cha kuchimba. Hapa yalikuwa yamelala tu mchana kutwa, rangi yake haitulii, mara kijivu, mara kijani kama ganda la mnyonyo, na milima ya Kongo ikitokea asubuhi na kuyeyuka jua likipanda. Alimsaidia Bernadetha kugeuza dagaa. Walitandazwa kwenye mchanga wengi kama majani, kila mmoja akitazama upande wake, na yeye akapita kati yao ameinama, akiwageuza kwa ufagio mwepesi, mpaka kichwa chake kikawa chepesi pia. Akiinua macho, aliona kundi la ng'ombe likitembea juu ya maji. Hakushtuka. Lilikuja kutoka upande wa Kongo, bila sauti, na vumbi lake likiwa ukungu.

"Unaona nini kule?" Bernadetha aliuliza.

"Mifugo yetu ya zamani."

Bernadetha alikinga macho kwa kiganja, akatazama kwa muda kwa heshima. "Mimi namwonaga mume wangu," akasema. "Lakini yeye hajawahi kuja na ng'ombe."

Wakaendelea kugeuza dagaa.

Boti ilirudi mchana, jua likiwa kali, watu wamejaa ufukweni kupokea mizigo. Monika aliteremka wa kwanza, viatu mkononi, akiwaelekeza vibarua. Kisha mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijani aliingia majini mpaka mapajani, akageuka, akanyoosha mikono. Mwanamume mrefu, nywele zimenyolewa upande mmoja, akamshika bega, akashuka kwa uangalifu kama anayejifunza kina.

Nyanzala hakukimbia. Alitembea mpaka maji yakamlowesha khanga. Nkwabi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa tabasamu lile lile alilosimuliwa, tabasamu la mtu anayesikia muziki chumba cha pili. Ndipo mama yake akajua kuwa mwanaye hana hakika yeye ni nani.

Jeniffer alipiga magoti palepale majini, mawimbi madogo yakimpiga kifuani. "Mama, nisamehe," alisema.

"Inuka, utaharibu nguo. Umemleta. Nikusamehe nini?"

Akamshika mwanaye kichwa kwa mikono yote miwili, akakishusha, akapapasa kovu. Lilikuwa limepona vibaya, limeinuka kama mshono wa gunia. Alilipapasa mwanzo mpaka mwisho. Nkwabi alifumba macho, mwili wake wote ukalegea, akaliweka paji lake kwenye bega la mama yake, wakasimama hivyo huku vibarua wakipita na marobota kichwani, wakiwazunguka bila kuwasukuma.

Maneno yalirudi Misunkumilo, taratibu, moja moja. La kwanza lilikuwa "maji," akimwambia Jeniffer. La pili lilikuwa "mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akiwa mlangoni, na Nyanzala aliyekuwa akipepeta mpunga aliitika bila kugeuka, kama aliyeitwa hivyo jana na juzi, halafu akaendelea kupepeta mpunga uliokwisha takata. Kufikia mwisho wa kiangazi Nkwabi aliweza kukaa kwenye gereji moja karibu na stesheni, akifungua na kufunga pampu kwa mkono wa kushoto. Akiongea, alichagua maneno kama mtu anayechagua mbegu. Mengine hakuyapata. Kanisa la jirani lilimpa Jeniffer pembe ya ukumbi ya kuweka cherehani, na Monika akawa anampelekea vitenge vya kushona.

Jumapili moja simu ya Jeniffer iliita. Alikuwa mama yake, kutoka Kalemie, akiuliza kama wako salama. Jeniffer aliongea naye kidogo, machozi yakaanza. Nyanzala alikausha mikono, akaichukua simu. Walikuwa hawajawahi kuongea, wale wanawake wawili.

"Mama Jeniffer," Nyanzala alisema, "huku wapo. Mvua haijaanza. Wote wawili wamekula."