Waya wa Chumbani kwa Othmani

Kuluthumu alikuwa bado yumo edani, akikaa eda ya mumewe Othmani, kwa hiyo aliongea na fundi Samweli akiwa nyuma ya pazia. Alasiri ile alitaka jambo moja tu: bintiye Kauthar asikie kama babake alimwachia radhi. Tangu binti atoroke kwenda kuolewa, Othmani hakuitikia tena shikamoo yake, hata mara moja, mpaka akazikwa.

Maneno yake ya mwisho yalikuwa kwenye kanda. Redio ndogo ilishaanza kuitafuna, ikabaki mashine kubwa ya spika tano, ile Othmani aliyoileta kutoka Dubai biashara zilipofunguliwa, mtaa mzima wa Mandewa ukahamia sebuleni kwake kusikiliza.

Sauti ikifika, "Na wewe Kauthar..." mashine inazima.

"Inajilinda isiungue, mama," alisema Samweli. "Nguvu ni moja, spika zinagawana. Zikivuta kupita uwezo wake, inakata."

"Basi zipunguze, baba."

Akachomoa mbili za nyuma. "Na wewe Kauthar..." Kimya. Akachomoa ya kati, kisha ya kushoto. Ikabaki moja. Kimya, palepale.

"Hata huko aliko bado amenuna," alisema Kauthar, akajaribu kucheka.

"Kuna kingine kinavuta." Samweli akapapasa nyuma ya kabati, akapata waya wa sita umepenya ukutani.

Kuluthumu akakumbuka. Othmani alipozidiwa alijivutia spika chumbani. Siku ya kugawa nguo zake, spika ile ilipelekwa madrasa ya Sepuka, naye kwa mkono wake akazisokota pamoja ncha za waya zisiwachome wajukuu.

"Ndizo hizo, mama. Zimegusana, mashine inamwaga nguvu yote huko."

Kuluthumu akafungua chumba, akazitenganisha juu ya kitanda kitupu. Zilikuwa vuguvugu, kama vidole vya mtu.

Samweli akawasha. Safari hii taa ya mashine haikuzima. Akatega sikio kwenye spika ya sebuleni. "Hii haitoi kitu," alisema polepole.

Sauti ilikuwa inatoka chumbani, kitandani, pasipo na spika.

"Na wewe Kauthar, njoo karibu."

Samweli akachomoa plagi ukutani. Taa ikafa.

"Karibu zaidi," ilisema sauti.

Kauthar akavua kandambili mlangoni, akapiga goti pale penye waya.

"Shikamoo, baba."

Wote watatu wakangoja. Kanda ilikuwa imesimama, Kuluthumu aliiona.

"Marahaba, mwanangu."