Pikipiki Iliyochaguliwa kama Punda

Watu wa Wete wakikwambia kwamba Ami Zahran ndiye aliyekuwa bingwa wa kuchagua pikipiki, wasikilize kwa adabu, kisha njoo kwangu nikwambie kweli. Mimi nilikuwamo ndani ya nyumba ile. Nilikuwa mke wa mpandaji, na macho nilikuwa nayo.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya vita vya pili vya Wazungu, msimu wa karafuu. Mume wangu Mbaruk alikuwa dresa hospitalini Wete, kazi yake kuosha vidonda, kufunga bendeji na kugawa dawa ya homa. Daktari Mzungu akataka dresa mmoja azunguke vijiji vya kaskazini kila wiki mpaka Kiuyu. Kwa miguu siku nzima ingeishia njiani, kwa hiyo akamwambia Mbaruk atafute pikipiki, ajifunze, na baada ya wiki sita atatahiniwa. Akipita, kazi yake. Akianguka, mpango wote uwekwe mpaka mwaka mwengine.

Sasa, Kiuyu ndiko kwetu. Na huko Kiuyu mama yangu, Bi Time, alikuwa amelala na donda la mguu tangu mvua za masika. Tulikwisha kumleta Wete kwa machela, akakaa wiki mbili, likaanza kufunga. Aliporudi nyumbani likafumuka upya, kubwa kuliko mwanzo. Donda la namna ile halitaki dawa ya mara moja, lataka mkono wa mjuzi kila wiki. Mwaka mwengine, kwa mama yangu, ulikuwa mbali sana. Nilikuwa nikihesabu zile wiki sita kwa vidole, na usiniambie nilikuwa na haraka.

Mbaruk alilelewa na Ami Zahran, ndugu wa marehemu baba yake, na sote tulikaa nyumba moja pamoja na Bi Ghania, mama mkwe wangu. Ami alikuwa mtu wa punda. Enzi zake, punda weupe wa Maskati wakishuka bandarini, mabwana wenye mashamba hawanunui mpaka yeye awatazame. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: kijana hajichagulii mnyama wake wa kwanza. Mkubwa wa nyumba humchagulia, na kijana husema ahsante. Basi pikipiki ilipotajwa, Ami alivaa joho lake, akashika bakora, akamwambia Mbaruk, twende.

Mfanyabiashara Walji alikuwa na pikipiki mbili uani kwake. Moja kubwa nyeusi, nzito kama mashine ya kusaga, aliyoiacha Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ya pili ndogo, ya kijani, nyembamba. Mbaruk alinihadithia yote jioni ile, na kila alipoendelea nilizidi kutamani asingeendelea.

Ami alizizunguka zote mbili. Akazigonga ubavuni. Akainama kutazama mipira, akasema kwato za nyeusi ni nzuri. Akamwambia Walji azilize. Ya kijani ikakohoa kohoa kama mbuzi mwenye mafua. Nyeusi ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani, na Ami akatikisa kichwa kwa raha, maana punda wa asili hujulikana kwa sauti. Kisha akamwambia Mbaruk apande moja moja.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mfupi. Si aibu, ni umbo. Alipokaa juu ya ile ya kijani nyayo zake zote mbili zilikanyaga chini barabara. Ami akacheka. Kwa watu wa punda, mpandaji ambaye miguu yake inagusa ardhi ni kichekesho, huyo kapanda punda wa mchota maji. Bwana wa heshima miguu yake huning'inia. Na juu ya ile nyeusi miguu ya Mbaruk ilining'inia vizuri kabisa, ncha za viatu zikitafuta ardhi zisiione.

Walji alijitahidi, lazima nimpe haki yake. Alisema mwenye kujifunza achukue nyepesi, achukue ile ambayo miguu yake inafika chini, hiyo kubwa ataipanda akishakuwa mjuzi. Ami akamgeukia.

"Walji, wewe umepanda punda gani maishani mwako?"

Walji akaenda kushika usukani. Nyeusi ikatolewa.

Nilimuuliza Mbaruk yeye alisemaje.

"Nilisema ahsante."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliuweka ungo chini. Watu watatu wamesimama uani, mmoja anajua, mmoja hajui, na wa tatu ndiye mwenye miguu. Anayejua ananyamazishwa, mwenye miguu anasema ahsante, na asiyejua ndiye anayechagua. Mimi na darasa langu la nne la skuli nililiona hilo nikiwa jikoni.

Akaanza kujifunza. Ile pikipiki ikiwa inakwenda, haina neno, inakwenda. Taabu ilikuwa kusimama. Akipunguza mwendo inaanza kuinama upande, naye ananyoosha mguu kuizuia, mguu haufiki, na hapo tena wote wawili wanalala. Wiki ya kwanza alianguka mara tatu. Ya pili sikuhesabu. Ya tatu ndiyo iliyotutangaza.

Alikuwa akirudi kupitia Limbani, na watu walikuwa wameanika karafuu juu ya majamvi kandokando ya njia, kama kila msimu. Mbuzi akakatiza. Mbaruk akashika breki, pikipiki ikasimama, ikainama, akatafuta ardhi, akaikosa. Akaangukia juu ya majamvi na lile dubwana juu yake, bomba la moshi lililo moto likamkaa kwenye shavu la mguu. Karafuu za watu zilizagaa mpaka mtaroni. Mwenye karafuu, mama mmoja mwenye watoto saba, alilia kwanza kisha akamtukana, na sikumlaumu. Mbaruk aliokota karafuu zile moja moja mpaka jua likazama, mguu umebabuka. Siku ya pili hospitalini wagonjwa wakawa wanacheka: leo dresa anajifunga mwenyewe.

Unajua Ami alisema nini? Alisema tatizo ni moyo wa Mbaruk. Mnyama mzuri humjua mpandaji mwoga. Akaandikisha hirizi, akaifunga kwenye usukani, akasema sasa itatulia. Maneno hayo aliyasema ukumbini mbele ya wageni, na Mbaruk amekaa pale pale, mguu wake umefungwa kitambaa, ameinamisha kichwa. Mtu aliyekuwa akiamka alfajiri kutumbua majipu bila kukunja uso, leo anaitwa mwoga kwa sababu Mungu hakumpa miguu mirefu.

Nilikwenda kwa Bi Ghania nikamwambia siwezi tena, namwendea Ami. Akanishika mkono.

"Mwanangu, mke wa kijana hamwambii Ami kakosea. Ukimwambia hivyo, hata akijua kakosea hatageuka. Tafuta mlango mwengine."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Kutoka Kiuyu ilikuja salamu kwamba mama sasa hawezi hata kuketi.

Mlango mwengine nilikuwa nao mmoja tu. Ami alipenda vitendawili kama nipendavyo mimi. Tangu nilipoletwa pale bibi harusi, kila Ijumaa baada ya alasiri yeye hukaa ukumbini na kahawa yake, mimi nyuma ya pazia, tunategeana. Na mchezo una sheria zake, anazijua mtoto: ukishindwa, mwenzako hukudai mji, nawe sharti umpe. Miezi saba Ami alikuwa amenichukulia miji mpaka pwani yote ya Afrika ikawa yake. Mimi sikupata hata kijiji.

Ijumaa ile nilimwachia anywe kikombe cha kwanza. Mbaruk alikuwapo, na Bi Ghania.

"Kitendawili, Ami."

"Tega."

"Ninaye mgeni, ana miguu miwili. Akienda hataki msaada wa mtu. Akitaka kusimama, sharti aazimwe miguu miwili mingine, la sivyo hulala chini."

Akacheka, akasema ni mlevi. Nikasema mlevi ndiye anayetaka msaada akienda. Akasema ngazi. Ngazi umeiona wapi ikienda, Ami? Akasema mzee na bakora yake. Bakora ni mguu mmoja, nami nimesema miwili. Akafikiri sana. Kahawa ikapoa. Nilimsikia akigonga gonga kikombe kwa pete.

"Haya," akasema, "umeshinda. Chukua Chokocho."

"Chokocho sina jamaa."

"Chukua Wete basi."

"Wete nimo tayari, Ami."

"Bibi harusi huyu mchaguzi. Wataka mji gani?"

"Nipe Kiuyu."

"Kiuyu chako. Haya, kaende ukarudi, utufumbulie."

Na hiyo ndiyo sheria pia: aliyepewa mji huenda, husimulia alichokikuta, kisha hutoa jibu. Hapo hakatizwi na mtu, hata akiwa mkwe, hata akiwa mwanamke. Nikavuta pumzi.

"Nimekwenda Kiuyu," nikasema, "nimekuta watu wamelala na vidonda wanamngoja dresa. Nikawauliza, dresa yuko wapi? Wakasema, yuko njiani Limbani anaokota karafuu. Yule mgeni wake wa miguu miwili alitaka kusimama, akamuomba miguu ya kuazima, na yake haikufika chini. Punda ana miguu minne, yeye ndiye humsimamisha bwana wake. Huyu mgeni ni bwana wake ndiye humsimamisha. Nikawauliza, basi dresa ni mwoga? Wakasema, mwoga angekwisha kuacha tangu wiki ya kwanza. Nimerudi."

Bi Ghania alikohoa, kile kikohozi kisicho cha kifua. Mbaruk, baadaye aliniambia, alikuwa akitazama mkeka.

"Pikipiki," akasema Ami.

"Naam, Ami."

Akainywa ile kahawa yake iliyopoa, yote, akaweka kikombe. Nilidhani ataniita jina ambalo sitalisahau. Lakini alimgeukia Mbaruk, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kairudishe." Kisha akaondoka kwenda msikitini na mapema, hata adhana haijatoka.

Hilo namshukuru. Lilikuwa jambo zito kwa mtu kama yeye, na kama mambo yangekomea hapo, nisingekuwa na hadithi.

Walji aliipokea nyeusi na makovu yake, akatoa ya kijani bila neno. Siku mbili Mbaruk alikuwa anajifunza kusimama tu: kwenda hatua kumi, kusimama, nyayo chini, tena. Siku ya tano alikwenda Limbani akapita baina ya majamvi ya karafuu, na yule mama wa watoto saba akasimama na ufagio mkononi mpaka alipopita salama. Baada ya wiki alikuwa anaimba akiwa juu yake.

Siku ya mtihani daktari alimpeleka kwenye ule mlima wa kutoka bandarini. Akamwambia apande, na kati ya mlima, pale panapotisha, akamwamuru asimame nyuma ya gari la ng'ombe, angoje, kisha aondoke tena. Mbaruk alisimama na miguu yake miwili chini kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Gari la ng'ombe likasogea, naye akaondoka. Daktari akampa mkono mbele ya watu. Akamwambia amechagua vizuri, wengi hukimbilia kubwa wakajivunja. Nani aliyemshauri?

Mbaruk akajibu, "Ami yangu, Zahran."

Kufika adhuhuri mji mzima una habari. Jioni ukumbi wetu ulijaa watu waliokuja kumpongeza Ami, na mimi ndiye niliyewapikia hiyo kahawa. Nikamsikia kwa masikio yangu, kwa pazia lile lile, akiwafahamisha: mwenye kujifunza apewe ndogo, nyayo zifike chini, punda ni jambo jingine kabisa, punda ana miguu minne. Neno kwa neno. Hata pale nilipovuta pumzi, naye alivuta.

Chumbani nilimuuliza Mbaruk kama ulimi wake umeungua pamoja na mguu. Akaniambia kwa upole kwamba Ami ni mkubwa, amevunjiwa heshima mara moja, haifai mara ya pili, na sifa ya Ami ni sifa yetu sote.

"Ni yetu sote," nikamwambia, "lakini yeye ndiye anayeila peke yake. Mtu akikuchagulia vibaya unasema ahsante. Mke wako akikutengenezea, ahsante yake unampa yule yule. Mimi yangu iko wapi?"

Sikumpa nafasi ya kutafuta jibu. Nilimgeuzia mgongo.

Jumatatu alikwenda Kiuyu. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa kwanza. Alimwosha donda, akamfunga, akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na wiki ya nane aliniambia nyama nyekundu safi imejaa na mama amesimama mlangoni kumpokea. Nililia siku hiyo, sitaki kusema uongo. Ndipo akafungua mfuko nyuma ya pikipiki, akatoa kikapu cha viazi vitamu, vile vyekundu vya kwetu, vimeoshwa na kupangwa vizuri.

"Mama yako anakusalimu," akasema, halafu akaanza kuangalia pembeni. "Viazi hivi kasema vifikishwe kwa Ami Zahran. Shukrani yake kwa kuchagua pikipiki nzuri."

Mama yangu mwenyewe, aliyenizaa.

Nilikichukua kikapu, nikakipeleka jikoni. Nikamenya vyote, nikakuna nazi mbili, nikavitia tui zito na chumvi, nikapakua sahani moja kubwa. Nikamwita Bi Ghania tukakaa. Mbaruk alisimama mlangoni akauliza kama sikusikia ni vya nani.

"Nimesikia," nikamwambia. "Ni vya aliyechagua. Kaa ule kabla havijapoa."

Bi Ghania akamsogezea mkeka. Alikaa, akala, na sahani ilipokwisha akaniambia ahsante, mimi, kwa jina langu, mbele ya mama yake.